Zamu ya Mama Kisima

Kule nilikotoka, kikao cha idara kilikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wahadhiri wadogo huanza kusema, wakubwa hufuata, na mwenye uzoefu kuliko wote hufunga. Mimi ndiye niliyekuwa nikifunga. Nilifundisha maji ya ardhini mpaka wanafunzi wakanibandika jina la Mama Kisima, na nikikohoa tu kabla ya kusema, kalamu zote ziko tayari.

Huku ugenini nasahihisha kazi za wanafunzi wa wenzangu. Naitwa msaidizi. Nilivumilia kwa sababu mwalimu wa maji ya ardhini alikuwa anastaafu, na somo lake lingegawiwa kikaoni. Nikilipata, ni mhadhiri tena. Nikilikosa, ni kalamu nyekundu mpaka uzeeni.

Siku hiyo nilivaa gauni langu la bluu, lile nililokuwa nikivaa kwenye mahafali. Mkuu wa idara akauliza nani analitaka somo la maji. Kijana mmoja wa upimaji ardhi, ambaye tai yake huingia mlangoni kabla yake, akadakia. Akasema amesomasoma kidogo kuhusu visima na angependa kujaribu. Kujaribu, jamani. Nikakaa kimya kama maji mtungini, nikawaacha wadogo wamalize. Kichwani maneno yalishajipanga: nitaanza na chumvi kwenye visima virefu, kisha mazoezi ya nje, halafu nitafunga.

Mkuu akaandika jina la kijana, akafunga kompyuta yake. Viti vikakwaruza sakafu, watu wakaenda kunywa kahawa, nami nikabaki nimekaa na hotuba nzima mdomoni.

Nilimfuata ofisini kwake. Alishangaa kweli, wala hakuwa na ubaya.

"Nilidhani umeridhika na kusahihisha," akasema. "Hukusema neno."

Nikamweleza habari ya zamu, na nani husema mwisho. Akasikiliza kwa furaha, akaniambia ni desturi nzuri mno, na siku moja nije niwasimulie wanafunzi. Nilitamani kumrushia stepla. Badala yake nikamshukuru, na hiyo asante inaniuma hadi leo.

Nilipitia kwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye ni daktari wa uchumi, alifundisha chuo kikuu kule kwetu miaka mingi. Sasa hujibu simu za wateja wa bima, simu iko palepale kwenye meza yake ya jikoni. Nilimkuta anamenya viazi, nikatoa nyongo yote. Hakunipa pole.

"Wifi, ulimsubiri nani akukaribishe? Huku hakuna anayejua kwamba wewe ni mkubwa."

"Sasa nifanyeje, niwakatize watu?"

"Wakatize. Mimi nilisubiri waniulize nilikuwa nafundisha nini. Nasubiri mpaka leo."

Aliendelea kumenya. Maganda yalitoka manene, kiazi kikabaki kidogo.

Kikao kilichofuata nikapiga moyo konde. Mkuu hajakaa vizuri, nikasema somo la maji ni langu, nimelifundisha tangu huyu kijana hajajua kufunga tai, na wakiniacha nisahihishe tu watakuwa wamekalia kisima huku wanalia kiu. Uso uliniwaka kwa aibu. Kijana akashusha pumzi, akakiri hata hakujua aanzie wapi. Mkuu akasema sawa, wakahamia kwenye suala la funguo za maabara.

Ikawa rahisi hivyo. Hicho ndicho kilichonikera zaidi. Nilipata somo langu kwa kusema wa kwanza, kama mtoto asiyefundwa, na mwenzangu mmoja akanipongeza kwa kuzoea mazingira.

Nikampelekea wifi habari. Alinikumbatia kwa mikono iliyolowa, akataka nimsimulie kila neno.

"Na mwisho nani alifunga?"

"Hakuna. Waliondoka tu."

Akafungua mdomo aseme kitu, simu ikaita. Akajifuta mikono haraka, akanyoosha mgongo, akaipokea kwa sauti nyororo ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

"Habari za mchana," akasema daktari wa uchumi. "Samahani kwa kukusubirisha."