Tairi za Mtu Mpole

Wakesho alikuwa na swali moja kwa kila mteja, awe wa lori au wa gari la kwenda kanisani: "Unaendeshaje?"

Wengi walicheka. Munyao hakucheka, kwa sababu mkewe Mumbe alikuwa amesimama kando yake, mkoba kwapani, akisubiri jibu kama vile yeye ndiye aliyeuliza.

"Polepole," Munyao akasema. "Themanini. Mzigo wa kawaida tu."

Wakesho, ambaye duka lake la tairi watu wote wa Voi walilijua, aliinama kwenye gari lao la Probox akapapasa tairi kuukuu. Zilikuwa zimelika kandokando hadi nyuzi zinaonekana.

"Na hizi zililiwa na nini, baba Koki? Panya?"

"Barabara ya huko Mata mbaya."

"Haya, ni barabara." Akajipangusa mikono. "Sikia. Tairi zangu zote ni za bei ya chini, sikudanganyi. Lakini hata bei ya chini ina aina zake. Hizi laini ni za mtu mpole. Hazina kelele, hazili mafuta, na mama akikaa ndani hatikiswi. Hizi zingine ni za mzigo, ply nane, yaani nyuzi tabaka nane, mbavu ngumu. Gari likiwa tupu zitakurusha kama punda. Lakini ukijaza nyanya ukimbie nazo juani, zinavumilia. Zile laini ukizifanyia hivyo zinachemka, halafu zinapasuka. Sasa wewe ni yupi?"

Munyao alijua vizuri yeye ni yupi. Mwaka uliopita Muinde, kaka yake Mumbe, tairi ilimpasukia karibu na Maktau akikimbiza vitunguu sokoni. Walimzika Mbololo, kwenye shamba lake. Siku hiyo Munyao alisimama kaburini, udongo bado mkononi, akasema mbele ya waombolezaji wote kwamba gari lake halitapita themanini tena. Watu wakapiga makofi. Mumbe hakupiga. Alimwangalia tu, na baada ya siku hiyo ndipo alipokubali kupanda tena Probox.

Ahadi aliishika mpaka msimu wa nyanya ulipoanza. Soko la Voi halimngoji mtu. Anayefika kwanza anauza, anayemfuata anabembeleza, wa tatu anarudi na nyanya zake zikimtoka maji. Kwa hiyo Munyao alikuwa mpole siku Mumbe akiwa ndani, na siku nyingine alikuwa Munyao.

"Zile laini," akasema. "Za mtu mpole."

Mumbe akatabasamu. Hilo tabasamu ndilo lililomchoma baadaye.

Ijumaa hiyo alipakia nyanya mashambani Mata hadi zikagusa paa. Alipoipita Mbuyuni jua lilikuwa limepanda, lami inameta, na mshale wa mwendo umelala upande asiopenda kuuangalia. Mbele kulikuwa na pikapu iliyobeba nyanya pia. Akaipita. Dereva wake akamtolea mkono dirishani kumsifu, na Munyao akapiga honi.

Kisha usukani ukaanza kutetemeka.

Alisimama kando ya barabara, akazunguka gari. Tairi ya nyuma, upande wa kushoto, ilikuwa imevimba ubavuni kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Alipoigusa iliunguza kidole. Maktau ilikuwa mbele kidogo tu. Munyao akakaa chini kwenye changarawe. Ile pikapu ikampita, honi inalia.

Alifunga tairi ya spea akaenda mwendo wa jongoo. Sokoni wanunuzi walikuwa wameshatawanyika, lakini siku hiyo hilo halikumuuma.

Nyumbani alimkuta Peris, mjane wa Muinde, ameketi na Mumbe wakichambua mchele. Kesho yake walikuwa wanaenda Mbololo kusimika msalaba kaburini.

"Shemeji," Peris akasema, "watoto wangu wamegoma. Wanasema hawapandi gari lolote ila la mjomba Munyao, kwa sababu mjomba haendi mbio."

Munyao akasema, "Kwanza nipite kwa Wakesho. Tairi moja imepata pancha."

"Basi tutapita wote," Mumbe akasema.

Asubuhi wakapita wote, Peris na watoto nyuma, Mumbe mbele. Wakesho aliitoa ile tairi, akaibonyeza pale palipovimba. Hakutania.

"Hii si pancha, baba Koki. Imechemshwa. Nilikuuliza, sasa nakuuliza tena. Unaendeshaje?"

Angeweza kusema ni shimo. Mashimo yapo, nani angebisha? Lakini mtoto mdogo wa Muinde alikuwa amebandika pua dirishani, anamtazama, ana macho yaleyale ya babake.

"Mia na ishirini," akasema. "Inapita hapo wakati mwingine. Na nyanya mpaka paani."

Mumbe akageuka taratibu. "Tangu lini?"

"Tangu msimu uanze."

"Na mimi nikiwa ndani?"

"Ukiwa ndani napunguza."

"Kwa hivyo kupunguza unajua."

Munyao alitamani mkewe amtukane, amrushie hata mkoba, lakini Mumbe alimgeukia Wakesho kwa sauti ya mtu anayeagiza unga.

"Mfungie zile za mzigo, zote nne. Tairi hazina kosa."

"Zitamvumilia," Wakesho akasema, "lakini hazitamfundisha, mama Koki."

"Najua." Akafungua mlango wa nyuma. "Wifi, teremkeni. Tutaenda na Thadeus."

"Thadeus!" Peris akashangaa. "Si anapitwa hata na mikokoteni?"

"Huyohuyo."

Thadeus alikuwa mwenye teksi pale stendi, gari limezeeka kama yeye. Wakajipanga ndani, watoto wakilalamika. Kwenye Probox yakabaki masufuria, gunia la mchele na msalaba umefungwa shukani.

Munyao aliwafikia walipoingia barabara kuu. Tairi mpya zilimrusha kila palipo na kiraka, kama alivyoambiwa. Mbele kulikuwa wazi. Thadeus alikuwa anajikokota, kiashiria kimewaka bila sababu, na malori yalikuwa yanampita moja moja.

Lori likamkaribia Munyao kwa nyuma likapiga honi. Utingo akachungulia dirishani. "Mzee, unalala? Pita hiyo!"

Munyao aliwasha taa ya kuwaruhusu wapite, akabaki nyuma ya Thadeus. Kupitia kioo cha nyuma cha teksi aliona kichwa cha Mumbe, kitambaa cheusi. Aliendesha hivyo mpaka Mbololo, macho kwenye kile kichwa. Hakikugeuka hata mara moja.