Tarumbeta Ng'ambo ya Bonde

Tadea alifeli mtihani wa kupiga tarumbeta mwishoni mwa mwaka wa pili chuoni, na sababu aliijua mwenyewe. Vyumba vya mazoezi vilikuwa vichache, wapiga piano waliviwahi alfajiri, na yeye mchana kutwa alikimbizana na vipindi vya ualimu, maana alisomea muziki pamoja na elimu. Hosteli hawakutaka kusikia mlio wowote. Basi akazoea kuziacha siku zipite, halafu Jumamosi anajifungia na kupuliza mpaka midomo inavimba. Siku ya mtihani pumzi ilimwishia katikati ya wimbo, akabaki ameshika chombo mbele ya walimu.

Mwalimu Sekela, aliyekuwa akimfundisha, hakumgombeza. Alimwambia atarudia Septemba. "Midomo haiwekewi akiba, Tadea. Piga kidogo, lakini kila siku, hata ukiwa nyumbani."

Nyumbani kwao ni Mbuji, na alifika kahawa imeiva. Mama yake, Gertruda, hakuelewa mtu aliye likizo ana kazi gani nyingine. Tadea aliona haya kusema kwamba amefeli, akasema tu ana mtihani. Akawa anachuma kahawa tangu asubuhi, na baada ya chakula cha mchana anavuka bonde, anapanda ng'ambo kwenye ngoro, mashamba ya mashimo ya mteremkoni, ambako mahindi yalikwisha kuvunwa, anapiga tarumbeta lake huko. Kwa mara ya kwanza tangu aanze chuo, mazoezi yalipata saa yake. Sauti ikaanza kunenepa.

Dada yake Beata naye alikuwa amekuja. Aliolewa Mbamba Bay, huko ziwani, na kwa kuwa ilikuwa mimba ya kwanza, alipanda milimani kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo desturi. Tarehe aliyopewa kliniki ilikuwa bado.

Siku moja baba yao alikuwa amekwenda Kitai kuuza mahindi. Mama alikwenda kwenye mashine ya kumenyea kahawa, ambako foleni huwa ndefu, na kabla ya kutoka alimwambia Tadea asimwache dada yake peke yake. Tadea aliitika. Lakini mchana ulipofika alianza kuzungukazunguka uani, anatazama ng'ambo, mpaka Beata akamwonea huruma. Alisema mgongo unamuuma kidogo tu, si kitu.

"Nenda," alimwambia. "Ila usikawie."

Tadea alikusudia kupiga kidogo na kurudi. Sasa, kulikuwa na kipande kimoja, pale wimbo unapopanda juu kabisa, ambacho hakikuwahi kumkubali hata siku moja. Siku hiyo kilikubali. Akakirudia ahakikishe, kikakubali tena. Akaanza wimbo wote upya. Jua lilipomgeukia usoni ndipo alipokumbuka, akashuka bonde mbio.

Alimkuta Beata amelala kizingitini, kanga imelowa, ameng'ata upindo wake. Simu zote mbili zilikuwa kwa jirani zinachajiwa, na jirani mwenyewe yuko shambani. Tadea akakimbilia barabarani, akapata pikipiki. Wakampakia Beata katikati, Tadea nyuma amemkumbatia, wakaenda hivyo katika vumbi mpaka zahanati, na kutoka pale wakapelekwa hospitali ya Mbinga kwa gari. Mtoto alizaliwa usiku ule, wa kike, hakulia.

Muuguzi alieleza kwamba kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni. Tadea alimfuata ukumbini akamuuliza kama wangewahi ingekuwaje. Muuguzi akasema mambo hayo ni ya Mungu, akaenda zake. Tadea alijua kwamba hakujibiwa.

Walimzika mtoto pembeni ya mibuni. Mama hakumlaumu mbele za watu. Hakumlaumu hata wakiwa wawili. Aliacha tu kumtuma. Akitaka maji anakwenda mwenyewe. Tadea akalifunga tarumbeta katika kitenge, akalisukuma uvunguni. Septemba ilikuwa inakaribia na midomo yake inalegea. Alijichukia kwa kulikumbuka hilo.

Stephano, mume wa Beata, alipokuja kumchukua mkewe, Beata alisema Tadea amsindikize, akamsaidie kazi mpaka apate nguvu. Mama alinyanyua uso, kisha akaendelea kupepeta. Tadea alipofunga nguo zake alilitia na tarumbeta, bila kumwambia mtu.

Mbamba Bay alipika, alifua, alipara samaki na kumbandikia dada yake maji ya kukanda. Waliongea habari za chumvi na kuni. Asubuhi moja, Stephano akiwa ametoka, walikuwa wamekaa ufukweni wanatengeneza samaki aina ya mbasa, na Beata akasema bila kuinua macho:

"Nilikuwa nakusikia."

Tadea alisimamisha kisu.

"Siku ile. Kila uliponyamaza nilisema, sasa anarudi. Halafu unaanza tena."

"Dada, nisamehe."

"Mimi ndiye niliyekwambia nenda. Najua." Beata alisuuza samaki ziwani, akamweka kwenye beseni. "Najua, na bado hasira haijaniisha. Sijui itaisha lini, nisikudanganye. Mtihani wako ni lini?"

Tadea alimweleza yote, na kufeli kwake pia. Beata alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia akafanye huo mtihani, asije akawa amekosa vyote. Ila apige mbali. Yeye Beata asilisikie hilo tarumbeta.

Kwa hiyo kila siku, kazi zikiisha, Tadea alifuata ufukwe, akapita mawe makubwa, akapita na mitumbwi ya kijiji cha pili, mpaka mahali alipoamini kwamba upepo hauwezi kurudisha sauti. Huko ndiko alikofanya mazoezi yake. Muda mwingi ulikwisha njiani. Akirudi, Beata hakumuuliza.

Alifaulu, si kwa alama za kujivunia. Alipompigia Beata simu, Beata alisema vizuri, akauliza kama chuoni kuna baridi, kisha akasema ana sufuria motoni. Mama alipopokea habari alisema Mungu ni mwema. Tadea alisubiri aongeze neno, akasikia simu imekatwa.

Mwaka wa tatu alipata chumba cha mazoezi kila siku kabla ya kipindi cha kwanza, na hakukosa hata mara moja. Mwalimu Sekela alisema sauti yake imekua. Jambo moja tu lilimsumbua mwalimu: katikati ya wimbo, bila sababu, Tadea hushusha tarumbeta na kunyamaza kidogo ndipo aendelee. Alimuuliza kama ni pumzi.

Tadea alisema ndiyo, ni pumzi. Lakini alikuwa anasikiliza kama kuna mtu anamwita.