Boriti ya Bahari

Msinitajie Nassibu. Akipita hapa Kiongoroni namgeuzia mgongo, na nikimwitikia salamu ni kwa kumwogopa Mungu tu.

Mume wangu Abdala alifia kwenye mikoko. Alikuwa akikata boriti, mti ukamwangukia mguu ukambana topeni, na maji yakajaa wenzake wakiwa mbali. Tulimtoa maji yalipokupwa. Siku ile niliapa kwamba mwanangu Mtoro hatalikanyaga tope lile. Kaka yangu Seleman akanicheka, "Mtoto wa mkata boriti aende wapi, dada? Akawe liwali?" Nikamwambia ataingia shule ya kati, asome, akae kwenye kiti kama watu. Akasema haya, akishinda mtihani wa darasa la nne na aende. Akishindwa, ataingia naye mtumbwini wakakate boriti, na nisimletee maneno.

Kusoma Mtoro alisoma kama maji, lakini hesabu zilimtoa jasho. Nikamwendea Nassibu, karani aliyewahesabia matajiri shehena zao za boriti. Mkono mtupu haulambwi, basi nilimsukia mikeka na kumpelekea samaki wa ng'onda. Kila alasiri akamfundisha mwanangu pale pwani, kwenye marundo ya boriti. Na kufundisha anajua, sitamdhulumu. Kujumlisha, kutoa, kugawanya, vyote kwa miti ile ile, mpaka mtoto akawa anaweweseka hesabu usingizini.

Sasa sikilizeni. Korija ni vitu ishirini, nani asiyejua? Lakini kwetu huku ukihesabu korija ya boriti unaongeza moja juu. Tunaiita boriti ya bahari, kwa kuwa wakati wa kupakia haikosi moja kuponyoka ikachukuliwa na maji. Muuzaji asiyeitia ni mwizi. Nassibu alimkaririsha Mtoro: "Korija ya boriti ni ishirini na moja. Akija mtu kukubishia usirudi nyuma, hata awe nani."

Mtihani ulikuwa Kibiti. Tulivuka hadi Nyamisati, tukaenda kwa miguu, mimi na yeye. Kwenye ule wa kuandika alitoka uso unacheka. Ukabaki wa mdomo, mbele ya mkaguzi, bwana mmoja wa bara, suruali imenyooka. Nilikaa barazani chini ya dirisha, nikasikia kila neno.

"Mfanyabiashara ana korija tano za boriti. Ana boriti ngapi?"

Lo, nilivyofurahi! Swali limeletwa nyumbani kwetu!

"Mia na tano, bwana," akajibu Mtoro, haraka.

"Fikiri tena. Korija moja ni ngapi?"

"Ya boriti ni ishirini na moja, bwana."

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu wangu."

"Mwalimu wako mjinga. Sema mia moja, nikupe alama yako uende zako."

Sema, mwanangu. Mtume! Sema mia moja tuondoke.

"Siwezi, bwana. Nikisema mia moja nitakuwa mwizi."

"Ebo! Mimi ndiye mwizi?"

Alimtoa nje kwa sikio, akarudi mezani akalifuta jina lake mimi natazama. Nilimpigia magoti yule bwana. Nikamwambia mtoto ni yatima, hana jeuri, kafundishwa hivyo. Akasema shule haina nafasi ya watoto wabishi. La kuvunda halina ubani.

Tuliporudi sikupita hata nyumbani. Nilimkuta Nassibu akinywa kahawa na wenzake, nikamweleza yote kwa sauti, kila mtu asikie. Nikamwambia, "Inuka twende Kibiti. Kamwambie yule mkaguzi kwamba ndiyo hesabu ya boriti, mtoto hakumvunjia adabu."

Akatazama kikombe chake.

"Kwani asingesema ishirini, dada? Hata mimi, bwana misitu akija kuhesabu, nasema ishirini. Ile moja ni yetu sisi kwa sisi. Mbele ya wakubwa haitajwi."

"Ulimwambia asirudi nyuma, hata awe nani!"

"Ndivyo mtu anavyofundisha mtoto," akasema. "Sikudhani angelishika neno langu namna ile."

Nilimtukana matusi ambayo mwanamke hayasemi mbele ya wanaume, na wallahi sijutii hata moja. Nilipogeuka kumshika Mtoro mkono tuondoke, hayupo. Alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote ule, kasikia kila kitu.

Nilimkuta nyumbani. Kalishusha shoka la baba yake kutoka darini, analinoa. Nikalia, nikamsihi, nikamwambia mwakani tutajaribu tena, nitakwenda mwenyewe kumwomba mkaguzi, nitampata mwalimu mwingine.

"Na mwakani nikiulizwa, mama, niseme ngapi?"

Seleman alipomwita kutoka mtoni, alikwenda.