Picha ya Kumi na Moja

Kila Jumapili baada ya ibada, Mbonile aliondoa shuka kitandani na kuzipanga picha zake juu ya godoro, mistari minne ya sita sita, akaacha pengo moja kwenye mstari wa pili. Pengo lenyewe lilikuwa na upana wa vidole viwili. Mkewe, Tusekile, alikwishalizoea. Alipita kando yake kama mtu anavyompita mgonjwa aliyelala, bila kelele na bila kumtazama sana.

Zilikuwa picha za pakiti za sigara, kubwa kidogo kuliko kiberiti. Kila moja ilikuwa na mchezaji wa timu za migodini kule Rhodesia ya Kaskazini, na namba mgongoni mwa picha, moja hadi ishirini na nne. Baba yake alichimba shaba huko. Hakuvuta sigara, picha aliziomba kwa wenzake, na kila likizo akamletea mwanawe Tukuyu nne au tano. Mwaka 1955 aliandika barua: imebaki ya kumi na moja tu, nikiipata narudi nyumbani moja kwa moja. Kabla ya Pasaka mwamba ulimfunika. Lilirudi sanduku lake, na ndani yake shati moja na picha tisa.

Mtoto wa miaka kumi na miwili aliielewa barua ile kitoto: baba hajarudi kwa sababu picha haijapatikana. Sasa Mbonile alikuwa na miaka thelathini na minne, karani wa serikali mjini Sumbawanga, mwenye mke, watoto na miwani. Alijua vizuri kwamba wafu hawasubiri picha. Hata hivyo aliwauliza madereva waliotoka mpakani Kasesya, akawauliza wazee waliowahi kwenda migodini, na kila jibu la hapana lilimrudisha kwenye barua ile.

Jibu lilitoka kwa Suma, fundi cherehani wa Milanzi, aliyekuwa amekwenda kijiji kimoja kushona sare za shule.

"Kaka, mchumba wako nimemwona."

"Mchumba gani tena? Tusekile akusikie."

"Yule wa kumi na moja. Amekunja mikono kifuani, soksi moja imeshuka. Yuko ukutani kwa mama mmoja, jirani na ghala la kijiji."

"Namba umeiona?"

"Nitaionaje, naye amebandikwa? Lakini hizo zako umenionyesha mpaka naziota. Huyu hayumo."

Jumamosi iliyofuata Mbonile alipanda baiskeli. Ilikuwa Juni na upepo wa nyanda za juu ulimpiga kifuani njia nzima. Saa ya pili ya safari alipita mgongo wa kilima uliokuwa na kuta za tofali mbichi zisizo na paa, mvua imezila zikabaki kama meno ya mzee. Njia hiyo aliijua. Alikanyaga pedali kwa nguvu zaidi, akijiambia kwamba kijiji hakiko mbali.

Nyumba aliipata bila shida. Mwanamke wa makamo alikuwa uani akipepeta ulezi.

"Hodi, mama. Habari za hapa?"

"Nzuri." Aliuweka ungo chini, akamtazama bila haraka. "Karibu, Ndugu Mbonile."

Mbonile hakuwa amejitambulisha. Alidhani labda Suma alimtaja. Alikaa kwenye kigoda, akaeleza yote kuhusu baba, barua na picha ishirini na tatu. Alieleza vizuri kuliko alivyowahi kumweleza mtu, maana mama yule alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo umeendesha baiskeli tangu mjini kwa ajili ya picha," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Safari ile ulikuja na gari."

Ndipo alipomkumbuka. Hakuukumbuka uso wake, maana nyuso siku ile zilikuwa nyingi. Aliikumbuka sauti. Novemba 1974, siku za kuhamishia watu vijijini, yeye alisimama kule kilimani na daftari, na vijana walingoja neno lake kabla ya kung'oa paa. Mwanamke mmoja alisema mtoto ana surua, akaomba siku nne. Alimjibu kwamba operesheni haimngoji mtu. Akaweka alama ya vema kwenye daftari, nyasi zikaanza kuanguka.

"Mvua ilianza jioni ile ile," alisema mama. Sauti yake haikupanda. "Hapa palikuwa pori. Tulijikinga kwa kibanda cha mabua. Siku ya tatu Urbano akafa. Alikuwa na miaka saba."

Mbonile aliinuka kwenye kigoda.

"Ingia. Ulichofuata kiko ndani."

Ukuta wa ndani ulikuwa wa tofali zilizofanana zote, ila moja karibu na kitanda ilikuwa nyeusi kwa moshi wa nyumba nyingine. Juu ya tofali hiyo alisimama mchezaji, mikono kifuani.

"Theodory wangu naye aliileta kutoka migodini, kabla hatujaoana," alisema mama. "Mtoto akaibandika mwenyewe kwa nsima, ugali wetu wa ulezi. Mlituambia tofali tuziache, tutafyatua nyingine. Hiyo moja niliing'oa, nikaibeba kichwani." Alimpa bakuli la maji ya moto na kitambaa. "Bandua. Ikitoka nzima, nenda nayo."

"Mama Urbano, siwezi kukunyang'anya…"

"Nimejaribu mara mbili kuitoa nimpelekee kaburini, mkono ukakataa. Wewe mkono wako haukatai."

Alipaswa kuondoka wakati huo. Badala yake alilowesha kitambaa. Alikikandamiza pembeni, akangoja, akaingiza ukucha. Kona ya chini ikainuka polepole kama jani, na mgongoni, wino ukiwa hai bado, akasoma tarakimu mbili za moja zilizosimama bega kwa bega. Kumi na moja. Moyo ulimwenda mbio kama wa mtoto aliyesikia baba anapiga hodi.

Kisha akaona kilichokuwa chini yake. Kwenye nsima iliyokauka palikuwa na alama za vidole, vinne na gumba, vidogo, mahali mtoto alipokandamiza kabla hajabandika. Mistari ya ngozi ilionekana yote. Kidole kimoja maji yalikuwa yamekwisha kukifikia, nacho kilianza kuyeyuka.

Mbonile alivuta kitambaa upesi. Alipuliza pale palipolowa, akapuliza tena, miwani ikamteleza puani.

"Mama, nsima ya ulezi ipo?"

Mama Urbano aliitazama kona iliyoinuka. Akatoka, akarudi na tonge la kiporo kiganjani. Mbonile alipaka pembezoni tu, mbali na vidole, akairudisha kona na kuweka kiganja juu yake.

"Mama Urbano, mimi siku ile…"

"Shikilia. Ukiachia mapema inajikunja."

Nje, mtu aligonga chuma kuwaita watu shamba la kijiji. Mama alichukua jembe nyuma ya mlango, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka bila kuaga. Sauti za wanawake zilipita kando ya dirisha, mmoja akacheka jambo fulani, zikafifia kuelekea bondeni. Mbonile alibaki amesimama, mkono ukutani, tofali ikiwa baridi chini ya kiganja. Hakujua nsima ya ulezi huchukua muda gani kukauka, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza.