Nyumba ya Boriti Nyeusi

Donatien Tshibangu hakuwahi kusema kwamba ile nyumba ni yake. Huo ndio uliokuwa utetezi wake siku zote, na ulikuwa mwepesi kama uji wa mgonjwa.

Miaka minne nyuma, parokia yake ya Schaerbeek, mtaa wa Brussels, ilikodi basi kwenda kutembelea mji mmoja wa kale huko Ujerumani. Mji mzuri, haki ya Mungu: boriti nyeusi zimepishana juu ya kuta nyeupe, na juu ya kila mlango pamechongwa jina la aliyejenga, mwaka na sala fupi. Donatien akasimama kwenye ngazi ya nyumba moja, akashika kitasa, akapigwa picha, akaituma mjini kwao, Likasi. Mama yake, Maman Sidonie, akauliza kama ndipo anapokaa. Naye akajibu, "Mungu ni mwema, maman." Kilemba cha ukoka, na alijivika mwenyewe.

Picha ikatundikwa sebuleni, na Likasi nzima ikaja kuitazama. Sasa Maman Sidonie, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na miwili, alikuwa amekuja Brussels kumtembelea. Kwa siku tatu alilala kwenye fleti ya mwanawe, ghorofa ya nne, akiamini ni mahali pa kulala siku za kazi tu. Kila asubuhi aliuliza wanakwenda nyumbani lini. Ukweli wenyewe ulikuwa sentensi moja, lakini Donatien alishindwa kuitamka mbele ya mwanamke aliyewapigisha wanafunzi magoti kwa uongo mdogo kuliko huo.

Jumamosi akaazima gari, akajiapiza kwamba atamwambia njiani. Mji wa Liège ukapita, mpaka wa Ujerumani ukapita. Mama alisali rozari na kuimba. Mwanawe aliitikia.

Walipofika, mama alisahau hata magoti yanayomuuma. Alisoma kila boriti. Akagusa ukuta uliomeguka, akaona fito na udongo ndani yake, akacheka kwamba kumbe Wazungu nao walijenga kama bibi yake kule Bukama. Uwanjani kwaya ilikuwa ikiimba, naye akasimama kuisikiliza mpaka mwisho. Donatien alianza kudhani amepona. Ndipo mama alipoitambua nyumba, akapanda ngazi, akagonga.

Akafungua bibi mmoja aliyevaa aproni. Maman Sidonie akamkumbatia.

"Donatien, umwambie huyu maman miye niko nani."

Donatien akamsogelea yule bibi, akamnong'oneza kwa Kifaransa, na bibi akaonyesha kukielewa: amsamehe, huyu ni mama yake, uzee umemvuruga akili, anadhani hapa ni kwao.

Hayo aliyasema hatua moja kutoka kwa mtu aliyefundisha Kifaransa miaka thelathini na mmoja.

Maman Sidonie akageuka taratibu. Alimtazama mwanawe, akatazama kitasa, na Donatien akajua kwamba ameelewa yote kwa mara moja. Angeweza kumuumbua pale pale, na mwanawe angestahili. Badala yake mama akalegeza mabega, akamwambia yule bibi, kwa Kifaransa safi cha darasani, kwamba ni kweli, asamehewe, siku hizi anapotea hata njia ya kanisani. Bibi akamwonea huruma. Akamshika mkono, akamteremsha ngazi moja moja kama mtoto anayejifunza kutembea.

Mtoto akikunyea mkono huukati, ndivyo wasemavyo. Donatien aliutazama mkono huo ukiwa umeshikwa na mgeni, akaona aibu, akawafuata nyuma.

Njia nzima ya kurudi mama hakuimba. Walipoingia Schaerbeek, wakakwama nyuma ya tramu, ndipo akafungua mdomo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Bon, Donatien. Alors, kwako njo wapi?"

Donatien akaegesha gari. Akamwonyesha kwa kidole dirisha la ghorofa ya nne, la fleti ile ile, asithubutu kumtazama.