Meja Aliyepiga Samaki

Signe Bjerke aliingia gereji yangu ya matrekta akiwa bado na aproni, ameshika kitabu kwa ncha za vidole kama anayebeba panya aliyekufa.

"Emmett, zima hiyo mashine unisomee hapa. Miwani nimeisahau nyumbani."

Miwani ilikuwa usoni pake. Nikajifuta grisi, nikakipokea kitabu. Kilikuwa kumbukumbu za vita za Meja Royce Haldane, aliyekuwa mkuu wa kikosi chetu cha ndege za mabomu kule Guinea Mpya, tulipopigana na Wajapani. Mchungaji wetu alikuwa amekinunua mjini Minneapolis, akakisoma, na kwa huruma zake akaona ampelekee Signe kabla hajasikia mitaani. Nikasoma kwa sauti:

"Tulipokaribia bandari ya Rabaul, Luteni Bjerke aliyekuwa kulia kwangu aliingiwa na hofu. Aligeuza ndege akatuacha wazi, na wenzetu wakafa kwa ajili hiyo. Simlaumu. Si kila kijana ameumbwa kwa vita."

"Rudia hapo mwisho," Signe akasema.

"Simlaumu."

"Umesikia? Anamsamehe mwanangu." Akavuta kiti cha trekta kilichong'olewa, akakalia. "Torsten wangu anasamehewa na yule."

Ukweli alikuwa anaujua. Nilimsimulia mezani kwake mara tu niliporudi kutoka vitani, naye alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya viazi. Mimi nilikuwa mpiga bunduki kwenye ndege ya Torsten, nimekaa ndani ya kuba la kioo mgongoni mwa ndege, ambako mtu anaona kila upande. Asubuhi ile tuliruka chini sana, karibu tulambe mawimbi. Haldane alikuwa mbele kushoto kwetu, na wengine walikuwa nyuma, wamefunikwa na mvua. Mizinga ya meli ilipoanza, nilimwona Haldane akifungua tumbo la ndege yake kabla hata ya mdomo wa bandari. Mabomu yake yote yakaingia kwenye maji matupu. Kisha akageuka kurudi nyumbani.

Torsten akasema kwenye simu ya ndani, kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba chumvi, "Haya jamani, sasa sisi ndio wa mbele."

Akaingia. Tulipiga meli moja ya mizigo nikaiona ikipasuka. Wakati wa kutoka, injini ya kulia ilishika moto, tukaangukia baharini. Maji yalimjia Torsten akiwa bado amefungwa kitini. Nilimvuta mkanda mpaka kucha zikanitoka. Mimi peke yangu ndiye niliyepanda boti la mpira, na ndege ya uokoaji, ya kutua majini, ikaniokota nikiwa nimebabuka kwa jua.

Hospitalini niliyaeleza yote. Ofisa aliyenihoji alifunika kalamu yake akasema, "Umegongwa kichwa, Sajini Kolb. Pumzika." Tulikatazwa kuandika shajara, adui asije akaziokota, lakini karibu kila mtu aliandika. Yangu ilizama na ndege, na ya Torsten ikazama na mwenyewe. Kwa hiyo aliyebaki na kalamu ni Haldane.

"Nitamvunja meno," nilimwambia Signe.

"Meno anaweka mengine. Huyu nataka tumvunje mbele ya watu anaowaheshimu. Wanakutana lini?"

Kikosi chetu kilikuwa na mkutano wa chakula cha mchana kila vuli, kwenye hoteli moja huko St. Louis. Sikuwahi kwenda. Safari hii mgeni wa heshima alikuwa Haldane, na kitabu chake.

Neno langu peke yangu lisingetosha. Nikampigia simu Leland Pruitt, kinyozi wa huko Missouri, ambaye siku ile alikuwa mpiga bunduki wa Haldane, mgongoni kama mimi.

"Leland, umekisoma?"

"Nimekisoma."

"Basi njoo useme ulichokiona."

Nilisikia mkasi ukiwekwa chini. "Kolb, nina wateja. Niache." Akakata.

Tukaenda hivyo hivyo. Signe alifunga mikate ya shayiri na jibini, akavaa koti lake la kanisani, tukaufuata mto Mississippi kuelekea kusini. Njia nzima hakuzungumzia vita. Alinisimanga uendeshaji wangu tu. "Ulikuwa unakaa mgongoni, naona. Usukani hujauzoea."

Ukumbini Haldane alikuwa nyuma ya meza, amenenepa vizuri, anatia saini vitabu. Signe akapanga foleni kama wengine. Mimi nikasimama nyuma yake, mikono mfukoni, kwa sababu nje ya mfuko nisingeiamini.

"Niandike kwa nani, mama?"

"Kwa Torsten."

Akaandika. "Mumeo?"

"Mwanangu. Torsten Bjerke. Yule uliyemsamehe."

Kalamu ikasimama. Haldane aliinua macho, akamwona yeye, kisha akaniona mimi. Sifa yake moja naikubali, alikuwa mwepesi. Akainuka, akamshika Signe mkono kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Mama, nilimpenda kijana wako. Na huyu Kolb, maskini, aligongwa kichwa. Tangu hapo anaota mambo."

"Niachie mkono," Signe akasema.

Akaugeukia ukumbi. Hakupaza sauti, ila alikuwa amefundisha watoto wa shule ya Jumapili maisha yake yote, na watu wakanyamaza. "Nataka kujua jambo moja. Siku ya Rabaul, nani alikuwa ndani ya ndege ya huyu bwana?"

Rubani msaidizi wake alikwishakufa kwenye safari nyingine ya vita. Wanaume wazima wakaangalia supu zao. Haldane akaanza kutabasamu, na mimi nikatoa mikono mfukoni.

"Mimi," sauti ikatoka mlangoni.

Alikuwa Pruitt, kofia mkononi, nywele zimemkimbia kuliko alivyostahili kinyozi. Alikuwa ameendesha gari asubuhi yote.

"Leland, kaa chini," Haldane akasema.

"Nilikuwa nimekukalia mgongoni, Meja. Niliona mabomu yetu yalipokwenda. Ulipiga samaki." Akamgeukia Signe. "Bjerke alitupita akiingia. Nilimpungia mkono. Naye akanipungia."

Mtu mmoja mezani akacheka kidogo, kicheko kibaya, kisha akarudia taratibu, "Samaki." Mwingine, aliyempoteza kaka yake siku ile, akasukuma sahani, akainuka, akatoka bila kumtazama Haldane. Wengine wakamfuata. Hakuna aliyemtukana. Waliokuwa na vitabu waliviacha juu ya meza kando ya supu. Haldane alibaki na wahudumu, waliosimama na nyama choma wasijue wampe nani.

Alinikuta kwenye maegesho nikimfungulia Signe mlango. Uso ulikuwa umemlegea.

"Unataka nini, Kolb? Nitarekebisha chapa ijayo. Niambie unataka nini."

Nilikuwa nimeota ngumi ile kwa miaka. Nilipomtazama sikuitaka tena. Nilitaka kikubwa zaidi.

"Nataka uzeeke, Meja. Uishi sana. Na kila utakapoingia mahali, ujiulize nani hapa anajua."

"Mimi nilikuwa na watu wa kuwarudisha salama," akasema. "Ungekuwa mimi..."

"Mwanangu alikuwa nao pia," Signe akamkata, akafunga mlango.

Pruitt alikula mikate yetu iliyobaki, amekaa kwenye bampa la gari lake, analia bila haya huku anatafuna. Signe alimpa leso yake, akamwambia abaki nayo.

Tulipovuka mpaka wa Iowa nikamuuliza, "Mama, umeridhika?"

Alikuwa amefungua gazeti alilolichukua hotelini, anafuatisha mistari kwa kidole. "Hapa wanasema mwezi ujao anahutubia Des Moines. Chama cha wafanyabiashara. Unaijua njia?"

"Naijua."

"Tutakaa safu ya mbele. Hatutasema kitu." Akakunja gazeti vizuri. "Atuone tu."

Tulikwenda Des Moines. Baadaye tukaenda Dubuque, na Pruitt akaungana nasi. Dubuque, Haldane alipanda jukwaani, akatuona watatu tumekaa, akanywa maji, na badala ya vita akazungumzia bei ya mahindi.