Nailoni ya Taa

Taa ya kuua virusi ilipofika hospitalini kwetu, nilikabidhiwa mimi. Ilikuwa nguzo ndefu yenye magurudumu. Mgonjwa akiruhusiwa unaisukuma chumbani, unatoka, unafunga mlango, unabonyeza rimoti, na mwanga wa urujuanimno unachoma vijidudu kwa dakika ishirini. Nailoni yake sikuibandua. Mtu mstaarabu habandui nailoni ya kitu kipya; kochi letu nyumbani bado linayo, mwaka wa saba huu.

Tulifundishwa kufuta kwanza, taa baadaye. Mimi nikaona hiyo ni kazi mara mbili. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba na msafishaji mwenzangu, akaendelea na ndoo yake ya klorini.

"Shangazi, pumzika. Hiyo kazi ya taa."

"Taa haina mikono," akasema.

Nikambandika jina la Dekio. Wodi nzima ikacheka, nami nikajiona.

Miezi mitatu baadaye mama akafanyiwa upasuaji. Chumba chake nilikiandaa mwenyewe, taa mara mbili, kwa heshima ya mzazi. Siku ya nne fundi akaja kukagua mashine.

"Hii nailoni ya nini?"

"Ya kuitunza."

"Imewatunza na virusi. Mwanga unaoua haupenyi hapo. Unaopita ni huo wa bluu, wa kufurahisha macho tu."

Nikakumbuka kidonda cha mama. Niliogopa kuliko siku tuliyomzika baba. Nikakimbia koridoni, jambo ambalo huwa nawakataza wengine.

Mama alikuwa amekaa kitandani, anakunywa uji. Homa hana, kidonda kikavu.

"Mama, nisamehe. Chumba hiki sikukisafisha."

"Najua. Anakisafisha wifi yangu."

Mama na shangazi hawajasalimiana tangu matanga ya baba. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Kila asubuhi anaingia, anafuta mpaka miguu ya kitanda, anatoka. Neno hasemi."

"Na wewe?"

"Mimi najifanya nimelala. Nisimwonee haya, naye asinionee."

Nilirudi nikaibandua ile nailoni. Kesho yake asubuhi nikampokea shangazi ndoo. Tukafuta chumba wawili, kimya. Mama alikuwa amelala fofofo, kope zikimchezacheza.